Kuua viluwiluwi wa mbu kwa bakteria: mwongozo kamili kwa shehia za Unguja na Pemba

Kila Masika malalamiko yanayonifikia ni yale yale, yawe yametoka Mwera au Konde: "Ile dawa ya bakteria tumetia, na mbu wanatutafuna vile vile." Nauliza: mlitia lini? Wiki tatu nyuma. Saa ngapi? Saa saba mchana, jua la utosi. Viluwiluwi mliwahesabu kabla na baada? Hapo hupata kimya.

Watu hao si wavivu. Wengine wamechangishana mtaa mzima kununua kopo moja, na inaniuma kuona fedha ya watu inamwagwa dimbwini bila faida. Walichokosa ni kuelezwa jambo moja: dawa hii haiui kwa kugusa, huua kwa kuliwa. Kiluwiluwi asipoila, au ikiharibika kabla hajaila, umemwaga maji juu ya maji. Hatua zote hapa chini zimesimama juu ya jambo hilo.

## Dawa yenyewe ni nini

Bakteria wanaotumika ni wawili, wote wa asili, wanapatikana kwenye udongo. Wa kwanza ni Bacillus thuringiensis israelensis, kwa mkato Bti. Wa pili ni Lysinibacillus sphaericus. Kwenye makopo mengi bado anaandikwa kwa jina lake la zamani, Bacillus sphaericus, kwa mkato Bs. Kiwanda cha Kibaha kilichozinduliwa mwaka 2015 hutengeneza wote wawili: Bactivec ni Bti, Griselesf ni Bs. Zipo na za kutoka nje, za maji, za unga na za punje.

Bakteria huyu anapotengeneza spora, iliyo kama mbegu yake ya kujihifadhi, hutengeneza pamoja nayo vijiwe vya protini, vidogo mno kwa jicho. Kiluwiluwi naye kutwa yuko kazini, anachuja maji na kula kila chembe inayopita mdomoni. Anameza na vijiwe. Utumbo wake una ukali wa magadi, na katika magadi ndimo vijiwe huyeyuka, vikageuka sumu, vikatoboa kuta za utumbo. Kwa Bti kiluwiluwi huacha kula ndani ya saa chache, na kesho yake amekufa. Bs huenda taratibu zaidi, siku moja hadi tatu.

Tumbo la mtu lina asidi, na utumbo wetu hauna pahala pa sumu hiyo kushika. Samaki, kuku, bata na nyuki nao haiwadhuru. Wanaodhurika pamoja na mbu ni jamaa zake wa karibu wanaozaliana majini, kama usubi.

Kutokana na hayo, shika mambo manne kabla hujanunua chochote.

Mbu anayeruka haguswi kabisa na dawa hii. Aliyekuuma jana atakuuma na leo, kwa hiyo chandarua kinabaki pale pale.

Pupa, yaani kiluwiluwi aliyekwisha kukua na anayesubiri kugeuka mbu, hali chochote. Yule mdudu aliyejikunja kama alama ya mkato, anayepiga mbizi ukitikisa maji, ameshamaliza kula. Siku mbili hivi anaruka, na dawa haimzuii. Kiluwiluwi mkubwa aliye karibu kugeuka pupa naye hula kidogo sana.

Jua huvunja vijiwe. Kwenye dimbwi la wazi Bti huisha nguvu kwa siku chache tu.

Uchafu hunasa dawa. Kwenye maji ya choo au ya mtaro, Bti hushikana na uchafu na kuzama chini, mbali na midomo ya viluwiluwi. Bs huvumilia maji hayo vizuri zaidi na hukaa humo wiki kadhaa.

## Bti au Bs? Chagua kwa mbu, usichague kwa bei

Mbu wa malaria, Anofelesi, hupenda maji maangavu yenye jua: madimbwi, mashamba ya mpunga, nyayo za ng'ombe. Huyu hufa kwa Bti na hufa kwa Bs.

Kuleksi ndiye mbu wa usiku mjini, mwenye kelele sikioni, na hapa kwetu ndiye msambazaji wa matende na mabusha. Huzaliana kwenye vyoo vya shimo vyenye maji, makaro na mitaro iliyoziba. Kwake tumia Bs, lakini usiitumie peke yake miaka na miaka, kwa sababu Kuleksi anaweza kuizoea. Changanya zamu: miezi kadhaa Bs, kisha Bti kwa kipimo cha juu, au tumia dawa yenye wote wawili.

Aedesi ni mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, analeta dengue na chikungunya. Huzaliana kwenye vyombo vidogo. Bs haimuui mbu huyu, kwa jina la kitaalamu Aedes aegypti. Nimeona watu wametia Bs kwenye mapipa ya nyumba nzima, kisha wakatangaza kwamba dawa zote za bakteria ni uongo. Kwake ni Bti tu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Dawa, ikiwa na lebo kamili: jina la bakteria, nguvu yake (huandikwa ITU), kipimo kwa eneo, tarehe ya kuisha, namba ya usajili. Kopo lisilo na lebo liache, hata ukipewa bure.
- Kata ya kuchotea. Kata yetu ya kifuu inachota vizuri ila ni nyeusi ndani, na kiluwiluwi mchanga haonekani. Tafuta kopo jeupe la plastiki la kama theluthi moja ya lita, ulifunge kwenye mpini wa mti wa urefu wa mita moja na nusu.
- Bomba la mgongoni la lita 15 au 16, jipya au lililokuwa la maji tu. Bomba lililowahi kubeba dawa ya magugu au ya wadudu wa shamba lisiguswe. Mabaki yake yataua samaki na kuku, na lawama zitawaangukia bakteria.
- Mizani midogo ya kupima gramu, kama ya sonara. Kijiko si kipimo.
- Utepe wa kupimia au kamba yenye mafundo kila mita moja.
- Ndoo, chujio la kitambaa, mitungi miwili ya kioo.
- Barakoa, miwani ya kazi, glavu, mikono mirefu na viatu vya mpira. Bakteria hawakuui, lakini unga wao ukiingia machoni au kifuani huwasha. Mwenye kidonda kibichi mkononi apewe kazi ya daftari.
- Daftari na kalamu ya risasi. Kalamu ya wino kwenye bonde la mpunga haimalizi siku.

## Hatua ya 1: Sheha kwanza

Nenda kwa sheha, na kupitia kwake ofisi ya afya ya wilaya. Zipo sababu mbili. Huenda eneo lenu tayari liko kwenye ratiba ya serikali ya kunyunyizia, na kutia mara mbili ni kupoteza. Ya pili ni ya kibinadamu: mtu mwenye bomba mgongoni akionekana kisimani bila taarifa, kesho yake mtaa mzima umeshasikia kwamba maji yametiwa sumu. Kaeni barazani, waonyesheni kopo, muwaambie lini mtapita na mtatia nini. Mwenye shamba na mwenye kisima waridhie wenyewe.

Imefanikiwa: una orodha ya walioridhia, na mtu mmoja wa kila mtaa wa kukuongoza.

## Hatua ya 2: Tafuta mazalia yote

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi hukimbilia mbele. Tengeni siku mbili kamili. Piteni nyumba kwa nyumba, kisha zunguka nje ya makazi, mkiandika kila pahala penye maji yaliyotuama. Yapeni namba na mchoro: mwembe, msikiti, skuli, njia.

Madimbwi na mitaro kila mtu anayaona. Yanayosahauliwa ni haya:

Pwani. Mtumbwi au ngalawa iliyopandishwa kwa matengenezo hujaa maji ya mvua. Mwezi mmoja juu ya mchanga unatosha kulea kizazi baada ya kizazi cha mbu.

Vifuu. Pahala panapokunwa nazi kwa wingi, kila kifuu kilicholala chali ni nyumba ya Aedesi. Havihitaji dawa. Vigeuze, au vichome.

Turubai. Hili nililijua Pemba, katika nyumba ambayo tulishasafisha kila pipa na mbu wa mchana hawakupungua. Msimu wa karafuu ulikuwa umekwisha, majamvi yamekunjwa ndani, lakini turubai la kufunikia karafuu liliachwa nyuma ya nyumba, limekunjwa mara nne. Nilipoinua pindo la juu, maji yaliyokaa kwenye mkunjo hayakuzidi vikombe viwili. Viluwiluwi walikuwa wengi mpaka maji yanatetemeka. Mama wa nyumba aliita watoto waje waone. Tulilikung'uta, tukalianika, na kopo la dawa halikufunguliwa.

Vyoo na makaro. Mulika kwa tochi. Shimo kavu halina Kuleksi; usitie kitu. Shimo lenye maji liandike, na pia kila kifuniko cha karo chenye ufa na kila bomba la hewa lisilo na wavu.

Mashimo ya mchanga na ya mawe. Kila shimo lililoachwa wazi baada ya kuchimba ni dimbwi la miezi.

Mabonde ya mpunga, kama Cheju kwa Unguja au Makwararani kwa Pemba. Hapa usiandike "bonde" ukapita. Gawa vipande kwa matuta, na kila kipande kiwe na namba yake. Mpunga mchanga, maji yakiwa yanapata jua, ndio unaopendwa na Anofelesi. Ukishafunga kivuli, mbu huyo hupungua.

Mkimaliza orodha, mwageni, fukieni, geuzeni au funikeni kila kinachowezekana, kisha mkifute orodhani. Kwa uzoefu wangu karibu kila kilichomo ndani ya ua wa nyumba hutoka hapa. Dawa ni ya maji ambayo huwezi kuyaondoa.

Imefanikiwa: orodha imebaki na mazalia ya kudumu tu, kila moja likiwa na namba.

## Hatua ya 3: Chota na uhesabu

Fika taratibu, jua likiwa mbele yako ili kivuli chako kisiangukie maji; viluwiluwi wakiona kivuli hupiga mbizi. Kama wamezama, subiri dakika mbili au tatu.

Laza kata kwa mshazari, uizamishe ukingo wake kidogo pembezoni mwa majani, uache maji yaingie yenyewe. Usichote kwa nguvu kama unayechota maji ya kuoga. Chota mara kumi pahala tofauti, na kila mara hesabu makundi matatu: wadogo, wakubwa, pupa. Andika.

Tazama pia wanavyokaa. Aliyelala bapa chini ya uso wa maji ni Anofelesi. Anayening'inia kichwa chini, mkia umegusa juu, ni Kuleksi au Aedesi.

Ukikuta wengi ni pupa, dawa ya leo haitawapata. Kwenye chombo, mwaga. Kwenye dimbwi dogo, wachote kwa chujio la kitambaa uwamwage juu ya mchanga mkavu. Kwenye bonde, andika na ujue kwamba watu wataendelea kuumwa kwa siku kadhaa. Waambie mapema wasije wakakata tamaa.

## Hatua ya 4: Jaribu dawa kabla ya kuitia bondeni

Bakteria hawa ni bidhaa inayoharibika. Mwaka mmoja tulinunua makopo manne kwa muuzaji aliyekuwa akiyapanga nje ya duka, yanapigwa na jua kutwa. Tarehe haikuwa imepita, lebo ilikuwa safi. Tukatia bonde zima. Kesho yake viluwiluwi walikuwa wanacheza kama jana, na fedha ya watu arubaini ilikuwa imekwenda. Tangu siku hiyo sitii dawa yoyote bila jaribio hili.

Jaza mitungi miwili ya kioo maji ya pale pale dimbwini. Weka viluwiluwi ishirini katika kila mmoja, wawe wadogo na wa kati, bila pupa. Mtungi wa kwanza usiutie kitu. Wa pili utie chembe ya dawa, unga unaokaa kwenye ncha ya kisu au tone la dawa ya maji, ukoroge. Iweke yote miwili kivulini.

Kwa Bti, ukirudi baada ya saa mbili au tatu utaona wa mtungi wa pili wamelegea: hawachezeshi midomo, ukigonga kioo wanashuka kizembe na kupanda kwa shida. Kesho yake wengi wamenyooka chini, wamebadilika rangi. Bs ipe siku mbili hadi tatu.

Imefanikiwa: mtungi wa dawa wamekufa wote au karibu wote, mtungi usio na dawa wako hai. Kama wa mitungi yote miwili wamekufa, tatizo ni maji au joto, rudia. Kama wote wako hai, rudisha dawa ilikotoka.

## Hatua ya 5: Pima eneo, pima dawa

Kinachopimwa ni uso wa maji, kina hakihesabiwi, kwa sababu viluwiluwi hula karibu na juu. Vyombo vya kuhifadhia maji ndivyo pekee hupimwa kwa lita.

Dimbwi la mita 8 kwa 5 lina mita za mraba 40. Lisilo na umbo, ligawe mistatili midogo ujumlishe.

Lebo nyingi husema kilo kwa hekta. Hekta ni mita za mraba 10,000, kwa hiyo gawa kilo kwa kumi upate gramu kwa mita ya mraba. Lebo ikisema kilo 10 kwa hekta, ni gramu 1 kwa kila mita ya mraba. Dimbwi letu linataka gramu 40. Hesabu hiyo hiyo hufaa kwa dawa ya maji: lita 10 kwa hekta ni mililita 1 kwa mita ya mraba.

Lebo ikiwa na viwango viwili, cha chini ni cha maji maangavu yenye viluwiluwi wadogo, cha juu ni cha maji machafu au yenye viluwiluwi wakubwa wengi. Usipunguze chini ya kiwango ili dawa ifike mbali. Wala usizidishe mara tatu kwa hasira. Kiluwiluwi aliyekufa hafi tena.

Sasa lipime bomba. Tia lita 5 za maji matupu. Pima mraba wa mita 10 kwa 10 kwenye ardhi kavu, unyunyizie kwa mwendo wako wa kawaida mpaka uumalize wote. Pima yaliyobaki. Kama zimetumika lita 3, basi lita 15 zitamaliza mita za mraba 500. Lebo ikisema gramu 500 kwa hekta, kila bomba moja la lita 15 litataka gramu 25. Kila mnyunyizaji apimwe peke yake, kwa sababu miguu haifanani.

## Hatua ya 6: Kutia dawa

Muda ni asubuhi, kuanzia saa 12 mpaka saa 3, au baada ya alasiri. Kusudi ni kuwapa viluwiluwi saa nyingi za kula kabla jua kali halijaivunja dawa. Wingu zito la mvua likijikusanya, ahirisha. Mvua kubwa itafurika dimbwi na kuipeleka dawa mtoni. Upepo mkali wa kusi au kaskazi nao utakurudishia dawa usoni.

Koroga unga kwenye ndoo kwa maji kidogo mpaka uwe uji mwepesi, uchuje kwa kitambaa, ndipo umimine bombani na kujaza maji. Ukiruka kuchuja, pua ya bomba itaziba katikati ya bonde. Dawa ya maji itikise kopo vizuri kwanza, kwa sababu nguvu yote hutuama chini. Usichanganye na sabuni, jiki wala dawa nyingine. Uliyochanganya leo iishe leo.

Maji ya wazi. Nyunyiza pembezoni kwanza, kisha katikati. Viluwiluwi hukaa kingoni kwenye majani, si kilindini. Tikisa bomba kila dakika chache.

Maji yaliyofunikwa na majani au mpunga mrefu. Hapa dawa ya kunyunyiza hubaki juu ya majani, ikakauka na kufa. Tumia dawa ya punje, ipenye na kuanguka majini. Rusha kwa mkono wenye glavu, kwa mwendo wa kupanda mbegu. Kama punje hazipatikani, fyeka kingo kwanza.

Vyoo vya shimo na makaro. Tumia Bs. Choo cha mita 1 kwa 1.5 kina mita za mraba 1.5 tu, kwa hiyo dawa inayotakiwa ni kidogo. Changanya kwenye lita kadhaa za maji, uimwage ikizunguka uso wote. Mwambie mwenye nyumba asimwage jiki wala dawa kali ya kuoshea chooni. Ziba nyufa za karo kwa saruji, funga wavu kwenye bomba la hewa. Watu wa Makunduchi wenye umri watakumbuka zile punje nyepesi nyeupe za polistirini zilizotiwa vyooni mwishoni mwa miaka ya 1980: zilifunika uso wa maji, viluwiluwi wakakosa hewa. Kwenye shimo lisilofurika njia hiyo hukaa miaka, na mimi ningeichagua kabla ya dawa yoyote pale inapowezekana.

Matangi na mapipa ya maji ya kunywa. Kwanza kifuniko, na wavu kwenye bomba la kufurikia. Tangi lililofungwa vizuri halihitaji kitu. Lisilofungika, Shirika la Afya Duniani limekubali aina maalumu za Bti kwa kipimo cha miligramu 1 mpaka 5 kwa lita, yaani gramu 1 mpaka 5 kwa tangi la lita 1,000. Lebo lazima iseme wazi kwamba yafaa kwa maji ya kunywa. Isiposema, usitie, na yeyote atakayekuambia "hii yote ni moja" asiguse kisima chenu.

Ukimaliza, osha bomba mara tatu, maji ya kuoshea yamwage kwenye zalia lile lile ulilotoka kutibu. Oga, badili nguo.

## Hatua ya 7: Rudi kesho

Baada ya saa 24 kwa Bti, saa 72 kwa Bs, rudi na kata ile ile, pahala pale pale, machoto kumi. Usipofanya hivi hujui kitu, hata kama umenyunyiza vizuri namna gani.

Imefanikiwa: wadogo na wakubwa hakuna, au wamebaki wawili watatu katika machoto yote kumi. Waliokufa utawaona weusi, wamenyooka, wengine wameanza kuoza. Pupa wanaweza kuwepo bado. Hao ni wa kabla ya dawa, hawahesabiki kama kushindwa.

Ikiwa viluwiluwi wakubwa bado wako hai, uliza kwa mpangilio huu: Je, kingo zote zilifikiwa? Eneo lilipimwa au lilikisiwa? Maji yalikuwa machafu kuliko ulivyodhani? Mvua ilinyesha usiku? Tia tena pale pale siku hiyo, wakati unajua sababu.

## Hatua ya 8: Rudi siku ya saba, na kila siku ya saba

Katika joto letu yai linaweza kuwa mbu kwa siku saba mpaka kumi. Bti kwenye maji ya wazi haimalizi muda huo. Mbu aliyetaga siku ya nne, dawa ikiwa imeshakufa, mayai yake yataanguliwa na kukua salama. Lakini ukirudi siku ya saba utawakuta wanawe wangali wadogo, wanakula kwa bidii, na huo ndio wakati mzuri kuliko wote wa kuwapata. Ukirudi siku ya kumi na nne wameshaingia vyumbani.

Chagueni siku moja isiyobadilika. Shehia nyingi Jumamosi asubuhi hufaa. Ijumaa ina shughuli zake. Kwa Bs vyooni angalia kila wiki mbili, utie tena pale tu viluwiluwi wakubwa wanaporudi. Kwa madimbwi ya Bti usisubiri kuwaona: kila wiki, tangu mvua za kwanza mpaka dimbwi likauke.

Kipimo cha mafanikio siku ya saba si kukuta maji matupu. Kukuta wadogo ni kawaida, wameanguliwa juzi. Kinachotakiwa kisiwepo ni wakubwa na pupa. Daftari likionyesha sifuri ya wakubwa na pupa wiki nne mfululizo, mbu hawatoki tena kwenye maji hayo, hata kama mtaa bado unalalamika.

## Mbu bado wapo baada ya wiki nne?

Angalia wanauma saa ngapi. Wa mchana, wenye madoa: rudi kwenye vyombo, vifuu, mitumbwi, turubai, mifereji ya mapaa. Wa usiku wenye kelele: kuna karo au choo hamkukiandika, mara nyingi cha nyumba iliyofungwa ambayo mwenyewe yuko mjini. Tafuta ufunguo. Wa usiku wasio na kelele, wanaotua mkia juu: kuna maji ya jua nje ya mchoro wenu, au shehia jirani hawajaanza, na hapo masheha wawili wakutane.

Hesabu ya siku nayo ina mahali pake. Mbu jike huweza kuishi wiki mbili tatu, na hata zaidi. Waliokuwa wakiruka siku mliyoanza wanahitaji muda kufa wenyewe.

## Kuhifadhi kilichobaki

Funga kopo vizuri, liweke ndani, pahala pakavu penye ubaridi, mbali na chakula, watoto na paa la bati. Unga usiingiwe na unyevu; kwa hewa yetu ya pwani, kopo ndani ya ndoo yenye kifuniko ni bora. Usilihamishie kwenye chupa ya soda. Andika kwa nje tarehe mliyofungua, na Vuli ikikaribia, kabla ya tone la kwanza, toa chembe moja, chukua mitungi miwili, urudie jaribio la hatua ya 4.